Tundu la Shahidi

Inspekta Bwanaheri Mchopa hakuwa mlaji wa pweza mkavu. Mlaji alikuwa mkewe, Halima, na ndiyo sababu asubuhi ile ya mwezi Machi, mwaka wa sabini na tatu, alijikuta amechuchumaa sokoni Chikongola mbele ya biashara ya mama mmoja wa Msimbati aitwaye Mwasiti. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake bila kupumzika sawasawa, na soko zima lilinuka tope na shombo.

Mwasiti alimpa fungu zuri. Bwanaheri alilipokea, akaligeuza, na mkono wake ukasita.

Mafungu mengine yote yalikuwa yamefungwa kwa ukindu. Hili lilifungwa kwa utepe wa karatasi ya manjano, wenye upana wa vidole viwili hivi, laini kama uliopakwa mafuta. Na utepe ule ulikuwa na matundu.

"Mama, hiki ulichofungia ni kitu gani?"

"Kamba hiyo, mwanangu."

"Umeitoa wapi?"

"Nimeiokota. Jana alasiri nilipokuwa nakuja huku, huko baada ya Madimba, niliikuta imenasa kwenye mkorosho inapepea. Nikasema, ah, karatasi nzuri hii, hata mvua haiiozeshi. Kwani ni mali ya mtu?"

Bwanaheri alikuwa ameinua utepe hadi karibu na macho. Katikati kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vilivyonyooka, vya mviringo safi, kazi ya kiwandani. Lakini pembeni mwake kulikuwa na matundu mengine yenye kingo zilizochanika, mengine makubwa, mengine madogo. Hayo hayakutobolewa na mashine. Yalitobolewa na mkono wa mtu, kwa kitu chenye ncha, na mtu huyo alikuwa na subira kubwa.

"Nifungulie taratibu, mama. Taratibu sana."

Mwasiti alifungua, lakini fundo lilikuwa limekaza. Utepe ukachanika kidogo palipokuwa na fundo, ukatoka.

Bwanaheri aliuviringisha ndani ya leso yake, akaondoka kwa hatua ndefu. Ilibidi Mwasiti amkimbilie amkabidhi pweza wake.

*

Mtu pekee mjini ambaye Bwanaheri aliwahi kumwona na utepe wa namna ile alikuwa Hassani wa Posta, mpokeaji wa simu za maandishi. Mashine yake ilikuwa ikitoboa mikanda ya karatasi mchana kutwa. Alipouona huu wa Bwanaheri, Hassani alivaa miwani, akaulaza mezani na kutazama chati iliyobandikwa ukutani. Kila herufi ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulionyesha herufi hiyo ina matundu gani.

Alianza kusoma. Akaacha. Akaanza tena upande mwingine, kisha akavua miwani.

"Haisomeki, afande."

"Kwa nini haisomeki, na matundu yapo?"

"Matundu yapo mengi mno. Tazama mkanda wangu: herufi moja, nafasi tano. Mbili juu ya vitundu vya katikati, tatu chini. Huu wako una tatu juu na tano chini. Nafasi nane! Hii ni lugha nyingine kabisa. Ni kama kusoma barua ya Kigiriki kwa kutumia herufi za Kiarabu. Ukitaka kuisoma, tafuta chati ya mashine yake."

"Mashine yenye nafasi nane iko wapi?"

Hassani aliinua mabega. "Mtwara nzima naijua moja. Iko Likombe, kwenye Mradi wa Kupima Bahari. Wao hawatumi simu. Wanaandika programu za kompyuta. Mikanda yao hupelekwa Dar es Salaam kwa ndege, na kompyuta ya huko ndiyo inayoila."

Bwanaheri alikumbuka. Ijumaa iliyopita, mwandishi wa programu wa mradi ule, kijana Ismaili Mkopi, alisemekana kuteleza kutoka kwenye mashua ya mradi katika ghuba ya Mnazi na kuzama. Aliyetoa taarifa polisi alikuwa msimamizi wa vyombo na ghala, Bwana Abeid. Maiti haikupatikana, viatu tu. Bwanaheri mwenyewe ndiye aliyefungua jalada, na nyumbani kwa kina Ismaili walishaanza kuulizana watasoma khitma lini.

Sasa hapa palikuwa na mkanda wa mradi, umetobolewa kwa mkono, na umeokotwa juu ya mkorosho. Mkorosho hauoti baharini.

"Niazime simu," alisema.

Simu ya Likombe ilipokewa na Abeid mwenyewe, kwa ile sauti yake nzito ya mtu aliyezoea kushindana na injini za mashua.

"Bwana Abeid, Inspekta Mchopa hapa. Nimepata kipande cha mkanda wenye matundu. Mnayo chati ya herufi ya mashine yenu?"

"Ipo, afande. Imebandikwa ukutani chumba cha mashine. Karibu sana."

*

Hakukawia. Aliendesha Konstebo Hamisi, na nyuma alikaa Sajini Andrea, mtu wa Newala, mrefu na mpole. Kwa upole wake watu walimdhania mzito wa akili, mpaka wajikute wametiwa pingu. Land Rover ilipita madimbwi bila kuyakwepa.

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo, kina madirisha ya wavu. Mashine yenyewe ilifanana na taipureta iliyonenepa. Ubavuni ilikuwa na kidude cha kutobolea mkanda na kingine cha kuusomea. Mbele yake alikaa Bi Mwanahawa, mwandishi wa pili wa programu, msichana wa Mikindani aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam pamoja na Ismaili. Macho yake yalikuwa mekundu. Abeid alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Chati iko wapi?" Bwanaheri aliuliza.

Mwanahawa alionyesha ukuta kwa kidole, kisha kidole kikabaki hewani.

Ukutani palikuwa na pini nne, na kwenye pini moja kona ya karatasi nyeupe iliyong'olewa kwa haraka.

"Ilikuwepo!" alisema Mwanahawa. "Asubuhi nimefuta vumbi, ilikuwepo. Sijatoka humu ila kwenda kuchukua chai."

"Kitabu cha mashine?"

Alifungua droo ya meza, akaifunga, akafungua nyingine. Alipogeuka, uso wake ulijibu kabla ya mdomo.

Abeid alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nadhani mkuu wa mradi kaondoka navyo, afande. Si amekwenda Dar?"

"Mkuu kaondoka juzi, Bwana Abeid," alisema Mwanahawa. "Nimekwambia, asubuhi hii ilikuwepo."

Bwanaheri hakuwatazama. Aliisogelea ile kona ya karatasi, akaigusa. Ilikuwa kavu, na mchaniko wake ulikuwa mweupe, haujapata vumbi. Imeng'olewa sasa hivi. Na habari za mkanda alikuwa amezitoa kwa simu moja tu, iliyopokewa na mtu mmoja tu.

"Bi Mwanahawa, huwezi kusoma kwa kichwa?"

"Hakuna anayekariri, afande, ila Ismaili. Sisi tunabonyeza herufi, mashine inatoboa. Kompyuta inasoma matundu. Chati tunaitazama mkanda ukiharibika, basi."

"Kwani shida iko wapi?" Abeid alipiga hatua ndani. "Utumbukizeni huo mkanda kwenye mashine, iusome yenyewe. Lete, afande."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Mwanahawa aliruka kitini.

"Usiuweke! Matundu haya yamechanika. Meno ya mashine yataukata vipandevipande, tusipate hata herufi moja!"

"Samahani," alisema Abeid, akarudi mlangoni. "Mimi ni mtu wa mashua. Haya ya mashine siyajui."

Ni kweli hayajui, Bwanaheri aliwaza, na wazo hilo lilimjia pamoja na jingine, kwa ghafla, hata akapiga meza kwa kiganja.

"Hii mashine inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Chati iliyong'olewa ilinakiliwa kutoka wapi? Si kwenye mashine? Basi aliyeng'oa karatasi kaacha chati yenyewe imekaa mezani! Weka mkanda mpya, bibi. Bonyeza A."

Mwanahawa alimtazama, kisha akacheka kicheko cha mshangao, cha kwanza tangu Ijumaa. Aliwasha mashine. Ikanguruma, ikatikisa meza. Alibonyeza A, ikapiga *tak*. Akabonyeza B, C, D, akaenda hadi Z, kisha ile nafasi tupu inayotenganisha maneno. Mkanda ukatoka ubavuni kama ulimi, umejaa matundu ya mviringo safi.

Bwanaheri aliukata, akaulaza mezani, na chini ya kila safu akaandika herufi yake kwa kalamu ya risasi. Kufikia H alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa anatazama tu.

"Andrea, njoo uone. A ina tundu la kwanza. B ina la pili. C ina la kwanza na la pili. D ina la tatu peke yake. E, la tatu na la kwanza. Umeona nini?"

"Naona matundu, afande."

"Mawe ya mizani! Dukani kwa Mhindi kuna jiwe la ratili moja, la mbili, la nne, la nane na la kumi na sita. Ukitaka ratili tatu, unaweka la moja na la mbili. C ni herufi ya ngapi? Ya tatu! Tundu la kwanza ni ratili moja, la pili ni mbili, la tatu ni nne, la nne ni nane, la tano ni kumi na sita. Jumlisha, unapata herufi ya ngapi. Na hili la saba liko kwenye herufi zote, kama muhuri kwamba hii ni herufi."

"Ndivyo hasa," alisema Mwanahawa, naye sasa amesimama, mikono mezani. "Ismaili aliwahi kunieleza hivyo hivyo, ila kwa hesabu."

"Na hili la mwisho kabisa pembeni? Mbona mara lipo, mara halipo?"

"Hilo halina herufi, afande. Liache kwanza. Tusome."

Waliulaza mkanda wa sokoni sambamba na ule mpya, nafasi tatu juu na tano chini. Bwanaheri alitaja matundu, Mwanahawa akataja herufi, Andrea akaandika.

"A. D. N. A. P. A. N. A. Y. Nafasi."

Walisimama. Mwanahawa alijaribu kulitamka. "Adnapanay. Si Kiswahili, wala si Kiingereza." Mabega yake yalishuka. "Labda ni mabaki ya majaribio tu."

"Endelea."

"I. J. A. M. Nafasi."

Bwanaheri aliinama juu ya karatasi ya Andrea. Midomo yake ilicheza. Mara akanyanyuka, akauliza kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Bi Mwanahawa, ulisoma chuo?"

"Chuo cha Kurani? Nilisoma, kwa Mwalimu Salma, Mikindani."

"Basi soma kama msahafu. Anzia kulia!"

Mwanahawa alitazama, akashika mdomo. "M-A-J-I. Maji. Y-A-N-A... Maji yanapanda! Afande, tumeulaza kwa mgongo! Mkanda umegeuka!"

Bwanaheri alikuwa ameshaugeuza. Sasa herufi zilitoka kwa mfuatano wake, moja baada ya moja, na Mwanahawa akazisoma neno kwa neno.

"NIMO. NDANI. YA..." Alimgeukia Inspekta. "Yuko hai. Ismaili yuko hai! Hakuna mwingine anayeweza kuandika hivi bila chati!"

"Polepole. Neno linalofuata."

"T. A. N. G. Na hii..."

Hapo ndipo fundo la Mwasiti lilipoukata mkanda. Katika safu ile, karibu na vitundu vya katikati, nafasi moja ilikuwa imechanika kabisa, haijulikani kama palikuwa na tundu au hapakuwa. Yaliyosalia yalionekana vizuri: tundu la kwanza, la saba, na lile la pembeni lisilo na herufi.

"La kwanza na la saba," alisema Andrea, akifuata kwa kidole. "A."

Mwanahawa alikunja uso. "Lakini..."

"Tanga!" Sauti ya Abeid ilijaa chumba. "Ndani ya tanga! Na baada yake?"

Bwanaheri alisoma mwenyewe, bila haraka. "LA MKONGE. MAJI YANAPANDA."

"Tanga la mkonge! Afande, najua chombo hicho. Kuna watu wa Mikindani wanashona matanga kwa magunia ya mkonge. Kijana wamemficha kwenye chombo kibovu kinachovuja, ndiyo maana anasema maji yanapanda! Twende Mikindani upesi, mimi vyombo vyote vya pale navifahamu."

Mwanahawa alifungua mdomo tena. Bwanaheri aliinua kidole kimoja tu, bila kumgeukia, naye akaufunga.

"Bwana Abeid, Mungu akubariki," alisema Inspekta. "Hatuna muda wa kupoteza. Una gari la mradi?"

"Lipo nje."

"Sajini, fuatana na Bwana Abeid. Kagueni kila chombo Mikindani, kila tanga, mpaka mumpate. Mimi naomba askari zaidi, nakuja nyuma yenu."

Alimsindikiza Andrea hadi barazani, mkono begani, na kabla ya kuachana akamwambia kwa sauti ya chini: "Usimwache peke yake hata akienda chooni. Asiguse simu. Akitaka kurudi, mwambie bado chombo kimoja."

"Na nikimaliza vyombo vyote?"

"Anza upya."

Andrea aliitikia kwa kichwa, uso wake mpole kama kawaida, akaingia garini.

*

Gari la mradi lilipopotea kwenye mvua, Bwanaheri alirudi ndani karibu anakimbia.

"Sasa niambie. Ulitaka kusema nini?"

"Lile tundu la pembeni, afande! Ismaili huliita shahidi. Mashine inahesabu matundu ya herufi. Yakiwa mawili au manne, haiongezi kitu. Yakiwa matatu au matano, inaongeza moja pembeni ili jumla igawanyike kwa mbili. Kompyuta ikikuta safu yenye idadi isiyogawanyika, inajua mkanda umeharibika. A ina matundu mawili: la kwanza na la saba. Haihitaji shahidi. Tazama kwenye chati yetu: A haina tundu pembeni. Lakini hapa shahidi yupo!"

Bwanaheri aliinama. La kwanza, la saba, la pembeni. Matatu. Palikuwa na tundu la nne lililokuwa limetoboka pale palipochanika, na shahidi alikuwa anapiga kelele.

"Palipochanika ni nafasi ya nne," alisema polepole. "Jiwe la ratili nane. Nane na moja..."

"Tisa!"

"Herufi ya tisa ni?"

Wote wawili walirukia mkanda wa chati kwa vidole. A, B, C, D, E, F, G, H.

"I," alisema Mwanahawa. "Tangi! Ndani ya tangi la mkonge!"

"Nilijua si tanga," alisema Bwanaheri, akichukua kofia. "Mtu hukaa ndani ya chombo, hakai ndani ya tanga. Wewe na mimi tungeweza kukosea hapo. Mtu aliyezeekea kwenye mashua hakosei, ila akitaka kukosea. Na yeye ndiye niliyempigia simu kuhusu chati, na aliyeing'oa hakujua kwamba mashine yenyewe ni chati. Mwingine yeyote humu angelijua hilo. Shamba la mkonge lililo karibu na Madimba ni lipi?"

Konstebo Hamisi, aliyekuwa amesimama dirishani akichungulia, ndiye aliyejibu. "Lile lililoachwa, afande. Korona yake, lile jengo la mashine za kuchakatia mkonge, imeanguka, lakini tangi la maji lipo. La chuma, refu kuliko nyumba."

"Na mvua hii tangu jana," alisema Mwanahawa. Alizima mashine. "Nakuja nanyi."

"Hiyo ni kazi ya polisi, bibi."

"Na mkitaka kumsomea alichoandika zaidi?"

Bwanaheri alimfungulia mlango wa gari.

*

Kutoka barabara ya Msimbati hadi shambani hapakuwa na njia tena, palikuwa na mto mwekundu kati ya safu za mkonge uliokwenda kichaka. Land Rover ilikwama mara moja, wakaisukuma. Ikakwama tena, wakaiacha na kukimbia, Hamisi akiwa na kamba na mtaimbo begani.

Korona ilikuwa magofu, lakini bati za paa lake bado zilikuwepo, na mfereji wa paa ulikuwa unamwaga maji yote ndani ya tangi kupitia bomba lililoingizwa juu yake. Tangi lilisimama juu ya mawe, jekundu kwa kutu. Ubavuni, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, palikuwa na tundu la kutu lenye ukubwa wa shilingi.

Kwenye tundu hilo maji yalikuwa yanaruka nje kama mkojo wa ng'ombe.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ule mkanda ulisukumwa nje kupitia tundu hilo, na wakati ule Ismaili alikuwa amesimama humo ndani, anaona mwanga. Sasa maji yalikuwa yamelipita tundu.

"Ismaili!" Mwanahawa alipiga chuma kwa jiwe. "Ismaili!"

Mvua ilijibu peke yake. Alipiga tena, akaweka sikio.

"Anagonga! Afande, anagonga!"

Bwanaheri alikuwa ameshafika katikati ya ngazi ya nje. Vipande viwili vilimvunjikia miguuni. Juu, mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kufuli jipya, linalong'aa, kufuli pekee lisilo na kutu katika shamba zima. Alipokea mtaimbo, akaupachika, akaulalia kwa uzito wake wote. Kufuli halikutii. Bawaba, ambazo zilikuwa za zamani kama tangi lenyewe, zilitii. Mfuniko ukafumuka na kuanguka nje kwa kishindo.

Chini yake, kwa umbali wa mkono tu, palikuwa na uso. Kijana alikuwa amekumbatia mhimili wa chuma uliopita chini ya mfuniko, maji yanamfika kidevuni, macho yamefumba kwa ukali wa mwanga.

"Ni polisi," alisema Bwanaheri. "Nipe mkono."

"Siwezi kuuachia, bwana. Umeganda."

Basi Inspekta alimfungua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayefungua fundo asilotaka kulikata, akampitishia kamba kwapani, na Hamisi akavuta. Walimshusha chini ya bati la korona. Mwanahawa alimvisha koti la mvua la Bwanaheri, akammiminia mdomoni maji ya dafu aliloangua Hamisi. Ismaili alikunywa, akatapika, akanywa tena. Jambo la kwanza alilouliza, meno yanagongana, lilimfanya Mwanahawa acheke na kulia kwa pamoja.

"Shahidi mlimwona? Nilimtoboa kila safu iliyomhitaji. Mkanda mtupu nilikuwa nao mfukoni, nikautoboa kwa ulimi wa mshipi wa suruali."

"Tulimwona," alisema Bwanaheri. "Bila yeye tungekuwa Mikindani. Sasa nieleze."

Alieleza garini, kwa vipande. Mradi ulikuwa unalipua baruti baharini ili kupima vina. Programu yake ilikuwa inajumlisha milipuko iliyosikika kwenye vipimo, na ile jumla haikufika hata nusu ya baruti iliyotolewa ghalani. Iliyobaki iliuzwa kwa wavuvi wanaovua kwa kulipua. Ismaili, kwa adabu ya kijana, alimwendea kwanza mzee wake wa kazini amuulize, asije akamchafulia jina bure.

"Bwana Abeid aliniambia twende shambani akanionyeshe baruti iliyobaki, imehifadhiwa. Ilikuwepo kweli, chini ya sakafu ya korona. Halafu akanionyesha tangi."

"Kwa nini hakukuua?"

Ismaili alifikiri. "Alisema hana moyo wa kumwaga damu. Akaiachia mvua."

Bwanaheri alimrudisha Hamisi korona kwa muda mfupi. Alipotoka, alikuwa ameinua vidole na kuonyesha ishara ya masanduku ya baruti yaliyopangwa moja juu ya jingine, mengi.

*

Waliikwamua Land Rover kwa mtaimbo, wakafika kituoni mchana. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Gari la mradi lilikuwa limeegeshwa uani, limejaa tope hadi madirishani, na Abeid alikuwa anateremka, amelowa, hasira imemjaa.

"Inspekta! Huyu sajini wako amenizungusha chombo kile kile mara ngapi sijui! Hakuna kitu Mikindani. Yule mtoto keshazama, na nilisema tangu mwanzo!"

"Pole sana, Bwana Abeid," alisema Bwanaheri, na akafungua mlango wa nyuma wa Land Rover.

Ismaili alikuwa ameketi pale, amejifunika koti lisilo lake, Mwanahawa amemshika mkono. Alikuwa dhaifu hata shingo haikumtii vizuri. Lakini alikuwa amelelewa pwani, na mtu mkubwa alikuwa amesimama mbele yake.

"Shikamoo, Bwana Abeid," alisema.

"Marahaba," mdomo wa Abeid ulijibu kwa mazoea, kabla mwenyewe hajajua umesema nini.

Kisha akaona ni nani aliyemwamkia. Kofia ikamdondoka. Alitazama lango, akatazama gari, akamtazama Andrea aliyekuwa amesimama nyuma yake kwa upole wake wote, na taratibu, kama mtu aliyechoka kubeba kitu, akanyoosha mikono yote miwili mbele.